Shangazi aliyemfungua “Mama Mkwe”

Saa mbili asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi amebana kipande cha msumeno wa chuma kwenye jiliwa na anakipiga tupa. Anakichovya kwenye kopo la maji, anakiinua kwenye mwanga wa mlangoni, anasonya. Anapiga tena.

“Bado ana shingo nene huyu,” anasema, utadhani anamsema mtu.

Mtaa mzima wa mafundi unamwita Shangazi. Jina hilo lilianza kwa watoto wawili wa kaka yake, ambao siku hizi ni wanaume wenye ndevu, na ndio anaofanya nao kazi katika karakana hii ya vitasa na makufuli. Anachokitengeneza ni kichokoo: kijiti chembamba cha chuma, ncha imepinda, ambacho fundi hukiingiza kwenye tundu la ufunguo na kuinua pini za ndani moja moja mpaka kufuli likubali bila kuvunjwa.

Ukimwona anavyokibembeleza, utadhani amezaliwa nacho. Wapi! Kwa miaka kumi na miwili Shangazi alikuwa mtu wa kona, kwenye mashine ya kuchonga funguo. Mteja akifungiwa nje ya nyumba yake, walioitwa ni wale wanaume wawili, na ujira wao ulikuwa mara tatu ya wake.

“Mimi nachonga funguo, wao wanabeba begi wanatoka,” anasema. “Roho ilikuwa inaniuma, nisikufiche. Na hao nimewabeba mgongoni!”

Kizuizi kilikuwa sharti la kaka yake, mwenye karakana. Hatoki mtu kwenda kwenye mlango wa mteja mpaka kwanza afungue kufuli moja la shaba linalokaa juu ya rafu, mbele ya wenzake, kwa vichokoo alivyovitengeneza kwa mkono wake. Nafasi ni tatu. Ukishindwa ya tatu unarudi kwenye kona yako, na hakuna kununa. Kufuli hilo wanaliita Mama Mkwe, kwa sababu hakuna aliyewahi kumridhisha mara ya kwanza.

Mara ya kwanza Shangazi alijiaibisha. Pini za Mama Mkwe zimebanwa kiuno, na pini za namna hiyo ni waongo: silinda, ile sehemu inayozungushwa na ufunguo, huzunguka kidogo tu, fundi akadhani kazi imekwisha.

“Nikapiga kigelegele!” anasimulia, anacheka mpaka anavua miwani. “Kumbe kufuli limefunga vilevile. Walinicheka wiki nzima, na walikuwa na haki.”

Mara ya pili hakuna aliyecheka. Alikuwa na haraka, akanoa kichokoo kwenye mashine bila kukichovya majini. Chuma kikapata moto, ncha ikageuka buluu, na chuma kikishageuka rangi hiyo ugumu wake umekwenda. Kilipinda ndani ya kufuli kama mshumaa uliosahauliwa juani. Kaka yake alikichomoa kwa koleo, akakiweka mezani, akaondoka zake.

“Angenitukana ningepona,” anasema Shangazi. “Ule ukimya ndio ulioniua.”

Ikabaki nafasi moja, na hapo ukaidi wa ukoo wao ukamsaidia. Aliokota makufuli mabovu, akayafungua matumbo, akazipanga pini upya kwa kila ukorofi alioweza kuuwaza, kisha akajaribu kuyafungua. Siku moja akaelewa. Tatizo halikuwa mkono wake. Mama Mkwe ana pini fupi, inayotaka kuinuliwa juu sana, na imejificha nyuma ya pini ndefu isiyotaka kuguswa. Kichokoo chake kilikuwa kinafika nyuma, lakini njiani kinaiinua na ile ndefu.

Basi akaanza kuchonga upya. Mbavu za mwavuli alizokuwa akizichonga mwanzoni alizitupa, ni laini mno. Akachagua msumeno wa chuma, akaipa ncha urefu wa kutosha kufika juu, na shingo nyembamba ya kupita chini ya jirani bila kumsumbua. Shingo ikizidi wembamba inakatika; ikizidi unene umerudi kulekule. Vingapi vilikatika, hasemi. Alipopata kimoja, alikisugua kwa msasa laini mpaka kikateleza kidoleni.

“Kikiwa na mikwaruzo, mkono unasikia mikwaruzo,” anaeleza. “Husikii pini.”

Kikazio, kile kipande cha pili cha kuisukuma silinda izunguke, alikikata kwenye chuma cha waipa ya gari. Akakichomeka juu ya tundu badala ya chini, ili kichokoo kipate njia.

Siku ya siku, karakana ilijaa mafundi wa jirani. Kaka yake akamuuliza kwa upole, “Dada, una uhakika?”

“Kaka, nipishe mwanga.”

Pini ya kwanza, ya pili, zikakaa. Silinda ikazunguka kidogo, palepale alipodanganywa zamani. Safari hii Shangazi alifanya kinyume: akalegeza mkono wa kikazio, ili pini iliyonasa kiunoni iachie. Silinda ikaanza kurudi nyuma.

“Shangazi ameipoteza,” akanong’ona mtoto mkubwa wa kaka yake.

Kichokoo kikapita chini ya ile ndefu, kikainua ile fupi. Pakasikika mlio mdogo, na upinde wa kufuli ukaruka juu. Aliyepiga kigelegele ni kaka yake, mwanamume mzima, mikono kichwani, na mtaa mzima ukatoka kuangalia kuna nini.

Wapo wanaomuuliza kama haogopi kuwafundisha wezi.

“Mwizi ana subira ya msasa huo?” anajibu. “Mwizi anakuja na nondo.”

Wanawake wawili, msusi mmoja na muuza nguo mmoja, wameanza kujifunza kwake. Anataka kufungua karakana ya pili, ya mafundi wanawake, kwa sababu wengi wanaoishi peke yao huona afadhali kumpigia simu mwanamke mwenzao.

Lakini ukimuuliza siku asiyoisahau, hakutajii ya Mama Mkwe. Anakutajia kazi yake ya kwanza ya nje. Dada mmoja alikuwa ametoka dukani, akakuta mlango wa chuma umejifunga, ufunguo uko ndani, sufuria iko motoni, na mama yake mzee amelala na mguu wenye plasta. Moshi ulikuwa umeanza kutoka dirishani na majirani walikuwa wamechoka kuupiga mlango kwa nondo.

Shangazi alipiga magoti. Mlango ukafunguka. Binti akakimbilia jikoni kuzima moto, naye Shangazi akaenda moja kwa moja chumbani, kichokoo bado kiko mkononi. Mzee, macho yamejaa machozi ya moshi, alidhani ni bintiye.

“Mbona umechelewa hivyo, mwanangu?” akauliza.

Shangazi akamshika mkono, akamwinua.

“Nilikuwa njiani, mama.”