Sauti ya Mjomba Kinywani mwa Mjapani

Ukumbi wa parokia ulinuka magunia. Jumapili mchana, baada ya misa, vijana walipanda juu ya mabenchi wakaziba madirisha kwa magunia ya mpunga, na vumbi la pumba likatuingia puani pamoja na moshi wa jenereta iliyonguruma nje. Ndivyo sinema ilivyonukia Mpanda miaka ya sabini, nilipokuwa darasa la tatu. Mikanda ililetwa na treni kutoka Tabora, nayo ilifika siku ilipopenda yenyewe, na kwa sababu ambazo sikuzijua mingi ilikuwa ya Kijapani. Hakuna aliyelalamika. Kijapani hatukukijua, lakini tulikuwa na Mjomba Pankrasi.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, mwalimu wa kwaya, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana kabisa na kifua chake. Asubuhi mwendesha mashine ya sinema alimsimulia kisa kwa kifupi. Mchana mjomba alisimama kando ya pazia na kipaza sauti, sauti ya mkanda ikapunguzwa, naye akawasemea wote, wanawake, wazee, hata farasi. Aliyempenda kuliko wengine ni mwigizaji mmoja wa makamo mwenye nyusi nene, tuliyemwita Babu Mjapani. Mkanda huu alikuwa mfua vyuma, ule askari wa upanga, mwingine mchungaji wa farasi. Sisi wa mtaa wa Ilembo tulimjadili kama jirani. “Tangu aache kufua vyuma amekonda,” nilimsikia mama mmoja akisema kisimani, na wenzake wakamhurumia.

Kisha akafa. Alichomwa mishale mitatu darajani, mjomba akamtolea pumzi za mwisho hata wanaume wakavuta kamasi. Mwezi uliofuata huyo hapo, mkuu wa stesheni, anavuta sigara! Nilimfuata mjomba nikamuuliza si alikufa yule. Alicheka sana. “Skola mama, kufa ndiyo kazi yake. Anakufa, anajipangusa vumbi, anarudi kwao kula.” Nililichukua neno hilo nikaliweka moyoni, na ole wangu, nililiweka vibaya.

Masika yalipokuwa yanaisha, baba alikwenda porini Ugalla na wenzake wawili kukagua mizinga ya nyuki. Wenzake walirudi bila yeye, wamebeba shoka lake na shati lake. Mto ulikuwa umejaa. Alitangulia kuvuka na maji yakamzoa. Walimtafuta siku nne. Watu walijaa kwetu, mikeka ikatandikwa, na mimi peke yangu sikulia. Nilikaa nje nikitazama njia ya Ugalla, nikiwaonea huruma wajinga wale. Mvumilivu hula mbivu, nilijiambia. Walipokuja kuninyoa nilipiga kelele nikapanda juu ya paa la jiko.

Hapo ndipo pakawa na shida. Kwa kuwa hapakuwa na mwili, bibi, mama yake baba, alisema zitazikwa nywele za mtoto wa kwanza zikiwa zimefungwa ndani ya shati la baba. Na mtoto asishikwe kwa nguvu. Nywele za kunyang'anywa hazizikwi, alisema, na bibi akisema amesema. Bila mazishi tanga haliwezi kuanuliwa, na kwetu mfiwa haingii shambani kabla ya tanga kuanuliwa. Mtoto wa kwanza ni mimi. Wiki zikapita. Mahindi yetu yalikauka yakiwa yamesimama, ngedere wakavuna mchana kweupe, na mama alikaa mkekani akiwasikiliza. Wadogo zangu walianza kula uji mara moja kwa siku. Nilimsikia akimwambia mjomba, “Panko, mimi nimeshindwa. Huyu mtoto anasema Mjapani wako alirudi. We ndo ulimwambia. Mtoe mwenyewe hayo maneno.”

“Nitamtoa, dada,” mjomba alijibu.

Jumapili iliyofuata alinikalisha benchi la mbele. Katikati ya mkanda Babu Mjapani aliketi kizingitini, uso wake ukajaa pazia zima, midomo ikaanza kusogea.

“Skola,” alisema.

Ukumbi mzima ulinigeukia.

“Skola wa Ilembo. Mimi nikifa narudi kwa sababu nadanganya. Damu yangu ni rangi. Baba yako hakudanganya mtu. Mto ulimchukua kweli. Harudi, mwanangu. Mwache mama yako akavune.”

Nilisimama nikapiga ukelele, “Mwongo!” Sikumwambia Mjapani. Nilimgeukia mjomba kando ya pazia, nikamwona machozi yanamtiririka, wala sikumhurumia. Nilikimbia hadi nyumbani nikakaa mkekani, nikalia kilio changu chote cha wiki zile, na jua halijazama nikamwinamishia bibi kichwa aninyoe. Kesho yake nywele zilizikwa, tanga likaanuliwa, na mama akaingia shambani. Alikuta nusu.

Mjomba hakushika tena kipaza sauti. Mkanda uliofuata Babu Mjapani alifungua kinywa, kikatoka Kijapani kitupu, na watu wakaondoka mmoja mmoja. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ndivyo wasemavyo. Mpenzi wa mtoto je? Kwa miaka mingi nilimrushia shikamoo kama mtu arushavyo makombo, naye aliitikia marahaba kwa upole ulioniudhi zaidi. Alipofariki nilikuwa nimeolewa Sumbawanga. Nilifika kaburi limeshafukiwa, na neno la asante nililotaka kumwambia ninalo hadi leo.

Juzi mjukuu wangu alikuwa akila huku akitazama katuni ya Kijapani kwenye simu. Akanionyesha picha ya mzee anayemsemea kobe mle ndani, na mara nikaziona nyusi zile za Babu Mjapani, nyeupe sasa. Kumbe baada ya kuzeeka aligeukia kuwasemea wanyama wa katuni. Sauti yake ni nyembamba, karibu ya kike. “Hiyo siyo sauti yake,” nilisema, na mtoto akanicheka. Akaiuliza simu kama mzee yule bado yu hai, ikamjibu kabla hajameza tonge kwamba amekwisha kufa. Akasema, “Haya,” akaendelea kula. Mimi, ili nilijue jambo kama hilo, alihitajika mtu anayenipenda kiasi cha kukubali nimchukie, na mjomba alikubali.