Turbo ya Lori kwenye Gari la Bibi Harusi

Afadhali mlisikie kutoka kwangu kabla mama hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi: ni mimi niliyeufukiza moshi msafara wa harusi ya dadangu Akinyi, mchana kweupe, mpaka habari ikafika kwa wakwe kabla yetu.

Ufundi wa magari nilijifunza mwenyewe kwa video za simu, na mtu aliyejifunza hivyo haishiwi na woga (mimi hukaza nati, naondoka, narudi kuiangalia, naondoka tena, halafu naiota). Gari langu dogo lilikuja na supachaja, ile pampu inayozungushwa na mkanda na kuisukumia injini hewa ipate nguvu mapema. Lilikwenda vizuri na hakuna aliyelalamika. Lakini Akinyi aliponiomba nimtoe Migori nimpeleke kanisani Homa Bay, nikawaza vilima, nikawaza bibi harusi, mama na msimamizi wote ndani, nikaona aibu ya kupitwa na boda boda iliyobeba ndizi. Nikaamua kuongeza turbo, ambayo huzungushwa na moshi wa ekzosi, ili supachaja ianze kazi na turbo iimalizie.

Dadangu alitaka jambo moja tu. Bwana wake, Ouko, ni wa familia ya wavuvi wa kisiwa cha Mfangano, na kulikuwa na maneno huko kwamba wanaletewa msichana wa mjini atakayeziba pua akiona samaki. "Okoth," aliniambia, "nifikishe msafi na mapema. Usiwape wakwe neno."

Kwa muuza vipuri vya mitumba pale Migori kulikuwa na turbo mbili. Moja ilikuwa ndogo kama kikombe cha chai. Nyingine ilikuwa kama sufuria ya ugali wa matanga. Nilijua ndogo ndiyo inayofaa, nilikuwa nimesoma, nimelinganisha, hata nimechora, na mkono wangu ulikuwa tayari juu yake.

"Jatelo, kiongozi wangu," muuzaji akasema, "hiyo ndogo huchukuliwa na watu waoga."

"Na hii kubwa ilitoka gari gani?"

"Lori. Kwani lori si gari?"

Nikachukua kubwa.

Ijumaa nikagundua haitoshi popote isipokuwa chini kabisa, karibu na lami, nikaifunga huko huko. Sasa, turbo hunyweshwa oili, na ile oili hurudi kwenye injini kwa kuteremka yenyewe, kama maji ya paa. Yangu ingerudi kwa kupanda, na ikishindwa ingevujia kwenye ekzosi iungue. Nililiona kosa (nawaapia, nililiona!) nikataka kufungua kila kitu nianze upya, ila sisi ni Wasabato, jua la Ijumaa likizama spana zinalala, na mama alikuwa amesimama mlangoni akililinda lile jua kama askari.

"Okoth, weka chini hiyo chuma."

"Mama, dakika moja tu."

"Hiyo dakika ni ya Mungu."

Usiku mmoja wa Jumamosi usingetosha kuanza upya, basi Sabato nzima nilikaa kanisani nikiombea oili ipande.

Jumapili tukapita Rongo gari likipiga mluzi mtamu, Akinyi anacheka, mimi nimevimba kichwa, nikawa natafuta boda boda ya kuipita. Tulipofika Rodi Kopany, nyuma yetu kukawa kweupe.

"Huo ni ukungu?" Akinyi akauliza.

"Ukungu," nikajibu, na jua lilikuwa utosini.

Madirisha yalikuwa wazi. Shela likaanza kugeuka rangi ya majivu. Gari la kwaya lililotufuata likatupita kwa hasira, na mwalimu wao akatoa kichwa dirishani: "Okoth! Unataka tuimbe ama tufe?" Wakatokomea. Sisi tulijikokota mpaka mwanzo wa Homa Bay, na injini ikazima mbele ya akina mama wanaobanika mbuta. Mmoja akashika kiuno, akalitazama wingu langu, akayatazama majiko yake.

"Nyathina, mwanangu, kwa moshi umetushinda. Samaki wako wako wapi?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Akinyi hakucheka. Aliangalia saa, akaangalia gauni, midomo ikaanza kumtetemeka, na hapo ndipo nilipotamani ile turbo inimeze.

Yule mama akaacha kucheka. "Panda kwa pikapu yangu, bibi harusi. Sogeza tu mbuta." Ndivyo dadangu alivyofika kanisani: amechelewa, ameketi juu ya kreti, mimi nimemshikia shela, magamba yakimeta kwenye pindo kama ushanga.

Mama mkwe akatujia polepole. Akainama, akamnusa dadangu begani, akanusa tena.

"Nani alisema huyu ni wa mjini?" akawauliza wenzake. "Huyu ananuka nyumbani!"

Vigelegele vilivyofuata vilinifanya nijione shujaa, mpaka Akinyi aliponipita akininong'oneza, "Wewe tutaongea."

Tuliongea. Nimeapa mbele yake na mama kwamba kitu nilichokipima na kukijua sitakibadilisha kwa sababu mtu ameniita mwoga, na kwamba kila mashine iliyokuja ikiwa sawa nitaiacha hivyo.

Juzi shemeji Ouko akaniuliza kama injini ya boti inaweza kuongezewa turbo. Nikamwambia hapana, kabisa, nimeapa.

Halafu nikamuuliza ni injini ya ukubwa gani.