Vidole vya Fundi wa Sinema

Fundi wa mashine ya sinema pale Nakuru hakuwa mtu wa maneno. Ukiingia chumbani mwake na sigara, alilowesha vidole viwili kwa ulimi akaizima papo hapo mdomoni mwako, maana filamu zile zilishika moto kama petroli. Jioni moja ya Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni, wasaidizi wake wawili walikuwa wakibishana chumbani humo: Lalit akisifia filamu za nyimbo, Kosgei akibisha kwamba filamu za wanasesere wanaoonekana kutembea wenyewe ndizo sinema hasa, mara askari akaingia na bunduki, sigara mdomoni.

“Mikono juu! Mnapanga nini hapa?”

Wote wakainua. Askari akainamia filamu. Kosgei akamwona fundi akishusha mkono, akilowesha vidole. Fundi akaibana ile sigara, ikazimika.

“Hapa hatuvuti, afande,” akasema, kisha akauinua tena mkono wake.