Damu ya Ngamia

Juzi hospitalini Lodwar nilikaa karibu na mzee wa Kakuma aliyehitaji kuongezewa damu. Mjukuu wake wa kike alimletea mwanafunzi mwenzake, kijana wa Sudan Kusini aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya huko huko Kakuma. Kijana alikuwa ameshakunja mkono wa shati mpaka begani.

"Damu ya mkimbizi sitaki," mzee akasema, akageukia ukuta.

Msichana akapiga makofi kwa hasira. "Babu! Ya ngamia si unakunywa?"

"Ngamia namjua mpaka mama yake."

"Mama yangu anauza mandazi sokoni Kakuma," kijana akasema. "Si unampita kila ukipeleka mbuzi?"

Jamani, miaka ishirini ya ujirani, na tunaowajua ukoo wao ni ngamia tu!