Nyasi kwa Mvuke

Mume wangu alipikia hoteli miaka thelathini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukutana na mdomo uliomkataa. Hayo husema mwenyewe, tena bila kuulizwa. Alipostaafu alirudi nyumbani na visu saba, aproni nne na kichwa kilichovimba, akakuta wa kupikiwa ni mimi peke yangu. Mimi hula kidogo, tena nikiwa na njaa tu. Kwa hiyo binti yetu aliposafiri kikazi miezi mitatu akatuachia sungura wake, baba mtu alimpokea mnyama yule kwa mikono miwili.

"Nyasi kavu na majani, baba," binti alisema mlangoni. "Hicho ndicho chakula chake. Usimpe kingine."

Sikio la kufa halisikii dawa. Wiki ya kwanza ilikuwa mkate wa maziwa. Ya pili, biskuti. Ya tatu nilimkuta anamkatia keki vipande vya mraba, na sungura kasimama kwa miguu ya nyuma kama mteja aliyezoea meza yake. Robota la nyasi aliloacha binti likabaki barazani, kamba haijafunguliwa.

Mwezi wa tatu sungura akaanza kutokwa na udenda. Daktari wa mifugo akamfunua mdomo, akatuonyesha meno yalivyorefuka mpaka yanachoma shavu.

"Meno ya sungura hayaachi kukua, mzee," alisema. "Nyasi ngumu ndizo zinazoyasaga, na ndizo zinazosukuma tumbo lake. Haya nimeyapunguza. Asipoanza kula nyasi leo, tumbo litasimama, na hatafika Jumapili."

Jumapili ndiyo siku aliyokuwa anarudi binti.

Mtu mwingine angeweka nyasi chini akaenda zake. Mume wangu alivaa aproni. Alichomoa nyasi kidogo robotani bila kukata kamba, akazionja kwanza, haki ya Mungu, akatema. "Ngumu," akasema, utadhani kagundua kitu. Akazikatakata, akaziosha, akazipika kwa mvuke mpaka zikalainika, akazipanga kwenye sahani nyeupe na ua la karoti juu.

"Daktari kasema ngumu," nikamwambia.

"Daktari hajui mambo ya jikoni, mama."

Sungura akala ua la karoti, sahani akaipa mgongo. Yule wa hadithi angalau alisema hazitaki mbichi. Wetu alikataa hata zilizopikwa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kesho yake, Ijumaa mchana, sikucheka. Sungura alikuwa kajikunyata pembeni, anasaga meno, na kwenye boksi lake hakukuwa na kinyesi hata punje moja. Mume wangu alikuwa kalala kifudifudi sakafuni, mtu mzima wa miaka sitini na tatu, anamsogezea sahani ya nne.

"Toa vilivyomo mfukoni," nikasema.

Akatoa biskuti tatu, zimevunjikavunjika.

"Sasa toka nje."

"Nikitoka nani atamlisha?"

"Hakuna wa kumlisha. Anakungoja wewe. Ukiwa humu atangoja biskuti zako mpaka afe."

Nilitegemea ubishi, maana ubishi ndio chumvi yake. Lakini alimtazama sungura, akajiinua kwa magoti yake mabovu, akatoka. Nikakata kamba ya robota, nikatandaza nyasi ndefu, kavu, zenye vumbi, mle mle boksini alimozoea kulala, nikatoka na mimi, nikafunga mlango. Tukakaa chini kwenye korido, kila mmoja na ukuta wake. Saa nzima ikapita. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, makali, nimeshayapanga. Ndipo tukasikia ndani: kwaru, kwaru, kwaru.

"Anakula?" akanong'ona.

"Anakula."

Alifurahi, siwezi kumsingizia. Macho yalimjaa machozi. Kisha akawa anainyoosha aproni magotini, anainyoosha tena.

"Na kule hotelini," akasema, "tangu nitoke, bila shaka nao wanakula."

Niliyaacha yale maneno makali, nikahamia kwenye ukuta wake. Nikamwambia nina njaa.