Koti la Mzee wa Bati

Kwa miaka ishirini na mitatu Lesian alitunza stoo ya shule moja karibu na Ngaramtoni, na hakuna kijiko kilichopotea asijue kilipotea siku gani. Alipostaafu alibaki na tabia hiyo, pamoja na rundo la vitu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Kwa miezi mitano akatengeneza mzee wa bati, akamkalisha kwenye kiti mlangoni. Kichwa kilikuwa sufuria iliyotoboka, kifua debe la mafuta ya kula, mbavu spoku za baiskeli. Mgongoni alimfungia mapanga ya feni mbovu, kisha akamvika kofia na koti zito. Upepo wa mlimani ukiyazungusha, mkono wa kulia ulipanda. Upepo ukitulia, uzito wa koti uliushusha polepole, kama mzee anayemgusa mtoto kichwani anapoamkiwa.

Tatizo lilikuwa koti. Lilikuwa la marehemu baba yake, na kwa desturi lilipaswa kwenda kwa mzaliwa wa kwanza, kaka yake Yiamat. Lesian, kitinda mimba aliyebaki nyumbani na baba, alikaa nalo. Yiamat hakukanyaga pale miaka minne. Sasa mjukuu wa Lesian, Sinyati, alikuwa anapata kipaimara, na Yiamat alikubali kuja. Katika sherehe nzima, Lesian hakutaka kitu kingine.

"Livue hilo koti," mkewe Naserian alimwambia asubuhi.

"Nikilivua, mkono utabaki juu."

"Si ubaki."

"Ataonekana anaomba ruhusa ya kwenda chooni."

"Kaka yako akiliona, wewe ndiye utakayeomba ruhusa."

Lesian alikuwa anafungua kifungo cha pili cha koti Yiamat alipoingia getini, saa nzima kabla ya wageni wengine. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa amesikia kwamba baba yao mdogo, mzee Loishiye, angetoka Momela kuja kwenye sherehe. Akaona kofia na koti kitini. Akampita Lesian bila neno, maana mdogo hasalimiwi kabla ya mkubwa, akavua kofia na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

Mkono ukashuka, ukamgusa. Upepo ukavuma, mkono ukapanda, ukashuka tena. Kisha mara ya tatu.

"Baba mdogo leo ana baraka nyingi," Yiamat alisema, bado ameinama. "Ila mkono wake ni wa baridi."

"Si baba mdogo, kaka," Lesian alisema. "Ni sufuria."

Yiamat akagonga kifua. Kikalia debe. Akapapasa mkono wa koti hadi kwenye kiraka cha kiwiko, alichokishona mama yao kwa uzi wa gunia. Hapo vidole vikasimama.

"Miaka minne umeninyima," alisema, "ukampa asiyesikia baridi."

Lesian akamalizia vifungo, akamvika kaka yake koti. Mkono wa bati ukapanda, ukabaki juu.

"Sasa huyu anataka nini?" Yiamat aliuliza.

"Uzito."

Yiamat akavua lile zito kidogo, akatoa koti lake la suti, akalivaa zito tena. Lesian akamvika mzee. Mkono ukashuka nusu, ukasita. Akaokota jiwe, akalitia mfukoni. Mkono ukashuka wote.

"Mimi nimeshamwamkia," Yiamat alisema. "Wewe je?"

Lesian akavua kofia.