Kompyuta Peke Yake

Siku tuliyomaliza matanga ya mume wangu, wageni waliotoka Ilemba walishaondoka. Wazee wa ukoo walibaki kupanga nani atawaangalia watoto, kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimechoka hata kikombe cha togwa kilinielemea.

Binti yetu alikuwa amepata nafasi chuo kikuu, Dar es Salaam. Alitakiwa kuchagua: asome kompyuta peke yake, au kompyuta na hisabati pamoja na ualimu.

Mdogo wa marehemu alishaamua. "Soma zote mbili, uwe mwalimu. Baba yako alifanya kazi shirika la umma. Liko wapi? Walipunguza wafanyakazi, kisha wakaliuza. Mwanangu, shirika linauzwa, shule haiuzwi."

"Siku hizi kuna shule za watu binafsi, baba mdogo. Nazo zinauzwa."

Watu walicheka, na msiba haujapoa.

"Haya, mjuaji. Hapa Sumbawanga nani ana kompyuta?"

"Duka la kuchapa barua, pale sokoni."

"Ile? Imefunikwa kitambaa kama bibi harusi!"

Binti hakucheka. "Baba mdogo, kwenye tuta tunafukia majani, tunapanda maharage. Mwaka wa pili ndipo tunalisambaza, tunapanda ulezi. Hakuna anayepanda vyote siku moja. Niacheni nimalize kimoja."

"Maharage yanaliwa. Kompyuta inaliwa?"

Kisha akanigeukia. Mjane hasemi mpaka aulizwe. "Shemeji, useme na wewe."

"Kompyuta siijui," nikasema. "Mimi nimeishia darasa la saba. Marehemu naye hakuijua. Anayeijua kidogo ni huyu mtoto. Achague mwenyewe."

"Basi akikosa kazi asinifuate. Na wewe, shemeji, mwaka huu usinihesabu shambani."

Tangu mume wangu alipougua, huyu ndiye aliyekuwa akitulimia. Nilielewa alichosema. Sikubadili neno, si kwa ushujaa. Sikuwa na nguvu ya kusema jingine.

Binti alichagua kompyuta peke yake, akaondoka kiangazi.

Mvua zilipokolea nikaenda shambani peke yangu. Nyasi zilikuwa zimenifika kiunoni. Nilikwatua kidogo, nikakaa, nikakwatua tena. Matuta ya mume wangu, alipokuwa mzima, yalikuwa ya duara, yamekaa sawa. Yangu yalikuwa yamelala upande.

Asubuhi moja nikasikia jembe nyuma yangu. Shemeji hakusalimu. Alibomoa tuta langu moja, akalipanga upya.

"Majani unayaacha nje, yataoza vipi?"

Nikayafukia. Tulilima mpaka jua likawa kali.

"Anasemaje huko?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Anasema ni ngumu."

"Kompyuta?"

"Hisabati. Anasema hiyo kompyuta peke yake imejaa hisabati tupu."

Akasimamisha jembe. "Si nilisema asome zote mbili?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kifua kiliniuma. Shemeji naye alicheka kidogo, kisha akaniambia nikae kivulini, tuta lile atalimaliza yeye.